Zabuni za serikali kwa maveterani wenye ulemavu

Nimekuwa nikifuatilia namna serikali ya Marekani inavyotenga zabuni kwa kampuni ndogo zinazomilikiwa na wanajeshi wa zamani waliopata ulemavu wakiwa kazini, na ninaona kwamba safari hiyo imekwenda kwa mwendo wa kinyonga. Sheria ya mwaka 1999 iliweka lengo la asilimia 3 ya thamani ya mikataba ya serikali kuu, lakini maofisa wa ununuzi hawakupewa uwezo wa kuwatengea maveterani hao zabuni za peke yao hadi mwaka 2003. Lengo lisilo na nyenzo, kwa maoni yangu, ni ahadi tupu.

Hata wizara inayowahudumia maveterani ilibanwa na Mahakama ya Juu mwaka 2016, katika kesi ya kampuni ya Kingdomware; mahakama hiyo iliamua kwa kauli moja kwamba wizara hiyo inalazimika kuwatengea zabuni kila inapotarajiwa kuwa kampuni zao mbili au zaidi zitashindana kwa bei ya haki, hata kama wizara imekwisha kutimiza malengo yake ya mwaka.

Sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2024 ilipandisha lengo hadi asilimia 5. Hata hivyo, mwombaji sharti athibitishwe na idara ya biashara ndogo kwamba anamiliki angalau asilimia 51 na kwamba anaiongoza kampuni mwenyewe, sharti ninaloliunga mkono, kwa sababu bila uhakiki huo mkongwe wa vita angeweza kugeuzwa jina la kwenye karatasi huku faida ikichotwa na wengine.