Tumeenda Dar na mzee, tukatembezwa Dar yake

Tumerudi Dodoma jana usiku, miguu inauma, begi zima limejaa mchanga na mdogo kagoma kabisa nisimtupie makombe yake ya baharini, yananuka lakini ndo hivyo kayaweka chini ya kitanda. Naandika saa hizi maana wiki ikishaanza sitapata tena nafasi.

Mpango ulikuwa wangu. Baba alikaa Dar ujanani, alikuwa kibarua na baadae fundi pale Urafiki kiwanda cha nguo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 70, alafu akarudi nyumbani akaoa, akaanza kulima zabibu na Dar ikabaki huko huko. Mi nikaona nimpeleke akaone jiji lilivyobadilika, na watoto wakaione bahari kwa macho yao badala ya kwenye simu.

Tulipanda treni ya SGR, elfu 31 mtu mzima, watoto nusu. Watoto wamebanana dirishani wanasubiri mahandaki ya Kilosa, wakiingia gizani wanapiga kelele behewa zima linageuka, na baba yeye katulia mikono magotini kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Anachokijua yeye ni reli ya kati, ile ya Mjerumani, ya kulala njiani, kila stesheni wamama wanakuja dirishani na ndizi na kuku na mayai ya kuchemsha. Hii ya umeme inakimbia 160 kwa saa. Tumeshapita Morogoro ndo akafungua mdomo: "Sasa humu mtu akitaka muwa anashukia wapi?"

Tukafikia kwa dada, Sinza. Kesho yake ilikuwa Jumapili, tukaenda Shekilango kupanda mwendokasi ya Kivukoni na kwa bahati siti zilikuwepo, na kituo kinachofuata baada ya Shekilango ni kipi? Urafiki! Mzee akasimama humo humo ndani ya basi, kashika bomba, anaonyesha kwa kidole, "geti lile pale, zamu ya usiku tulikuwa tunatokea pale", na kuanzia hapo hakunyamaza tena mpaka tunaondoka. Manzese, Magomeni, Jangwani, kila mahali ana lake. Akawaelezea wajukuu Ikarus za UDA, shirika la mabasi ya jiji, yale mabasi marefu yaliyounganishwa katikati, alafu zikaja chai maharage ambazo mnakaa mmetazamana magoti yanagongana, na konda akisema songeni unasongea wapi sasa. Abiria wa mbele yetu nae mtu mzima kidogo akaanza kuchangia, basi likawa kijiwe.

Mi nilikuwa na listi yangu kwenye simu. Makumbusho ya Taifa tulienda, na kwa kweli nilikuwa nimepania sana kile chumba cha Zinjanthropus, yule mtu wa kale, nikawa naelezea kimwalimu kabisa kwamba fuvu alilipata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959 na huyu mtu kaishi zaidi ya miaka milioni moja na laki saba iliyopita. Mdogo akamgeukia babu yake, "Babu, na huyu ulimkuta?" Mume wangu ilibidi atoke nje acheke.

Ila nikaona kitu. Mbele ya vitu vipya baba anasema "ee, pazuri" alafu kimya. Ukimpeleka mahali ambapo kuna kitu hakipo tena, hapo ndo anachangamka. Na watoto wakashika upande wake, listi yangu ikafa, kila tukisimama ni "Babu, hapa zamani kulikuwa na nini?" Sanamu ya Askari pale mjini ipo tangu 1927 kwa hiyo pale hakuwa na hadithi, akasema tu huyu ni yule yule, hata bunduki bado anaielekeza bandarini. Tulipopita juu ya Daraja la Tanzanite, lile la 2022, linalokatiza baharini kabisa, wakamuuliza tena, hapa zamani kulikuwa na nini? Akaangalia chini. "Maji." Na sura kavu kabisa. Nahisi kuna mengine alikuwa anatunga, ila mi nani wa kumpinga, 1979 nilikuwa sijazaliwa.

Kilichonibakia mimi ni pantoni, kivuko cha kwenda Kigamboni. Shilingi 200 tu, geti likifunguliwa umati wote unatoka mbio, wenye ndoo za samaki, wenye baiskeli, kina mama na watoto mgongoni, mi nimemshika mkubwa mkono mpaka kalalamika. Baba akaenda moja kwa moja kwenye kingo upande wa mlango wa bahari, akaegemea, harufu ya soko la Feri imetujaa puani, na meli kubwa ya makontena ikawa inaingia taratibu mbele yetu hadi watoto wakanyamaza. Akasema Jumapili walikuwa wanavuka hivi hivi na wenzake wa kiwandani, wavulana kwa wasichana, wamevaa vizuri, wanaenda Mjimwema kuogelea na kula madafu.

Binti yangu mkubwa: "Na bibi alikuwepo?"

"Bibi yenu nilikuwa sijamjua."

Alafu akarudisha macho kwenye meli. Mi na mume wangu tukaangaliana. Kuna maswali mtoto wa kike hamuulizi baba yake, wanangu mtamuuliza wenyewe mkikua.

Coco Beach tulienda jioni, mihogo na mishkaki, chachandu kali watoto wanalia na bado wanaomba tena. Upepo mzuri ila watu wengi mno, na bei ya muhogo imepanda jamani tusidanganyane.

Sasa siku ya kuondoka asubuhi nafunga mabegi, baba kakaa barazani hata viatu hajavaa. Kumbe kwenye kijiwe cha kahawa kapata habari za mwenzake wa zamu, yupo hai, anakaa Manzese, ana duka la vifaa vya baiskeli. Nikamwambia baba tiketi imeshakatwa, akasema basi mpe mtu mwingine. Dada anacheka tu. Nimempigia mama simu kumwambia mzee kabaki, akauliza kabaki na nani, nikamwambia na rafiki yake wa Urafiki, akauliza tena, rafiki wa kiume?