Kwenda Aït Benhaddou kwa Gari la Kukodi

Tangu nilipoitazama Gladiator, filamu ya mwaka 2000, nilitamani kuuona ule mji wa udongo ambako shujaa wake, Maximus, anauzwa na kuanza kupiganishwa. Mji wenyewe upo kweli. Unaitwa Aït Benhaddou, kusini mwa Morocco, ng'ambo ya milima ya Atlas ukitokea Marrakech.

Wengi huenda na basi la watalii linalotoka Marrakech asubuhi na kurudi usiku. Ukifika nalo ni mchana wa jua la utosi, watu wamejaa, na dereva anakuhimiza mwondoke. Mimi na wifi yangu tulitaka kulala hukohuko, kwa hiyo tukakodi gari.

Hofu yangu ilikuwa barabara. Sisi Tanzania tunaendesha kushoto, kule ni kulia na usukani uko upande mwingine. Nilichagua gari la otomatiki ili nisihangaike na gia kwa mkono nisiouzoea, na wifi akapewa kazi moja tu: kila tukikaribia kipilefti aseme, "Kulia wifi, kulia!" Alisema mpaka sauti ikamkauka, na ilinisaidia kuliko ramani ya simu.

Tulijaza mafuta kabla ya kuacha mji. Barabara ya N9 inapanda hadi Tizi n'Tichka, mahali barabara inapovukia milima ya Atlas, mita 2,260 kutoka usawa wa bahari. Aliyewahi kupanda Lushoto kutokea Mombo atazielewa kona zake, ila hizi ni ndefu zaidi na huko juu mlima uko wazi, mawe matupu. Kwenye mteremko niliweka gia ndogo ili breki zisichemke, na malori nikayaacha yapite. Safari ya kama kilomita 200 kutoka Marrakech hadi mji wa Ouarzazate, ulio mbele ya Aït Benhaddou, huchukua takriban saa nne, na nakushauri usiifanye usiku. Majira ya baridi theluji huweza kuifunga njia hiyo kabisa.

Ouarzazate tuliingia Atlas Studios, studio za kutengenezea filamu zilizoanzishwa mwaka 1983. Ukiwa mbali unaona mahekalu ya Misri yenye nguzo nene na sanamu kubwa za mafarao. Nikagonga nguzo moja kwa vidole, ikalia kama sanduku tupu. Nyuma yake ni mbao na plasta, na pale plasta ilipobanduka unaona nyavu na misumari. Niliwaheshimu sana mafundi wale. Rangi peke yake imeifanya plasta ionekane jiwe la miaka elfu tatu.

Jioni tukarudi nyuma kama kilomita 30 kulala Aït Benhaddou, upande wa pili wa mto, ambako familia nyingi zimehamia. Kijiji cha kale kimebaki na familia chache tu. Alfajiri, kabla ya basi lolote, tukavuka.

Hapo ndipo nilipoisahau filamu. Uwanja wa mapigano uliojengwa kwa ajili yake ulishaondolewa; kilichobaki ni kijiji chenyewe, kituo cha misafara iliyokuwa ikipita kati ya Sahara na Marrakech, kilichowekwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1987. Nilisogeza uso karibu na ukuta. Ndani ya udongo kuna vijiwe na vipande vya majani makavu, vimeshikana kabisa, na ukipapasa unahisi jinsi ulivyoshindiliwa, tabaka juu ya tabaka. Minara imenakshiwa kwa matofali mabichi ya udongo, na kileleni kabisa lipo ghala la zamani la kijiji.

Mzee mmoja tuliyemwamkia kwa salamu ya Kiislamu alitukaribisha ndani. Akatumiminia chai ya nanaa, na mjukuu wake akatutafsiria. Alitueleza kuwa kila mvua kubwa inakwangua ukuta kidogo, na lazima watu wapande na udongo mpya kuziba kwa mikono. Ukiachwa, nyumba inayeyuka.

Baadhi ya wenye nyumba huomba dirhamu chache ukitaka kuingia ndani. Nimesikia watalii wakilalamika. Mimi nilitoa kwa moyo mweupe, na ukienda beba noti ndogondogo, maana chenji huko asubuhi ni ya shida.