Tetekuwanga, Shule na Chuo
Mwanangu alipotokwa na tetekuwanga hapa Langoni, mavyaa wangu alishauri arudi shuleni mara tu homa itakapopungua. Sikukubali, kwa sababu ugonjwa huu huambukiza tangu siku 1 au 2 kabla ya vipele kutokea hadi malengelenge yote yanapokauka na kufanya magaga, jambo ambalo kwa kawaida huchukua siku 5 hivi. Chuoni nako, yaani madrasa ya Kurani, ambako watoto husoma wakiwa wamebanana mkekani, nilimzuia (maalimu alinishukuru). Nilimkata kucha, nikatuliza mwasho kwa kalamini na homa kwa parasetamoli. Aspirini haifai kabisa, kwani huweza kumdhuru mtoto ini na ubongo. Jirani yetu mjamzito, ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga, nilimwarifu mapema ili aende kliniki.