Siku Moja Maishani Mwangu: Mwandishi wa Kujitegemea Mjini Moshi na Malengo Yake

Saa 11:00 alfajiri

Majirani zangu wengi hapa Pasua wanaamini kwamba sina kazi. Asubuhi wananiona nyumbani, mchana wananiona nyumbani, na jioni wananikuta palepale mezani, kwa hiyo wamehitimisha kwamba bado ninasubiri kuajiriwa. Ukweli ni kwamba ninaishi kwa kuandika: ninaandika maelezo ya tovuti za kampuni za utalii, ninahariri ripoti za miradi, ninatafsiri vipeperushi vya afya na vya kilimo, na ninaandika makala zangu mwenyewe. Sina mshahara wa mwisho wa mwezi wala mkubwa wa kunipandisha cheo. Malengo ya kazi, ambayo mtumishi wa ofisini hukaa na kiongozi wake wakayapanga na kuyajaza kwenye fomu, mimi sina budi kuyapanga peke yangu, kuyaandika na kuyalinda kila siku, kwa sababu siku isiyolindwa wateja huimaliza yote.

Lengo langu kubwa la mwaka huu ni kukamilisha mfululizo wa makala za Kiswahili kuhusu kahawa ya mkulima mdogo wa Kilimanjaro, kuanzia kitalu cha miche hadi mnadani, kisha kuukusanya uwe kitabu. Kahawa ndiyo iliyowasomesha wazee wetu wengi. Ndiyo iliyozaa chama kikuu cha ushirika cha KNCU mwaka 1933. Ndiyo sababu Bodi ya Kahawa Tanzania ina makao yake hapa Moshi na wataalamu wa utafiti wa zao hilo wako Lyamungu, safari fupi tu kutoka mjini. Hata hivyo, maelezo mengi ya kina niliyowahi kuyasoma kuhusu mibuni inayoota nyuma ya nyumba zetu niliyakuta kwa Kiingereza. Jambo hilo linaniuma, na ndilo linaloniamsha saa hizi wakati baridi ya Julai ingali kali.

Lengo hili hakuna mteja anayelilipia kwa sasa. Ndiyo maana nimelitengea saa mbili za kwanza za siku, kabla akili haijaguswa na mtu mwingine yeyote, na simu huwa imezimwa. Niliwahi kuwasikia waandishi wenzangu wakisema watashughulikia kazi zao wenyewe wakishamaliza za wateja. Kwa uzoefu wangu, za wateja haziishi.

Leo ninaandika sehemu ya uvundikaji. Kahawa ikishachumwa ikiwa mbivu hutakiwa kumenywa siku hiyohiyo, kisha huvundikwa ili ute unaobaki juu ya ganda uachie, na muda wake hutegemea ubaridi: maeneo ya tambarare ute huachia upesi, lakini huko juu Kibosho na Machame inaweza kuchukua siku mbili au zaidi. Nilikuwa nimeandika idadi ya saa, nikaifuta. Mzee mmoja wa Kibosho alinionyesha jinsi yeye anavyojua: huingiza mkono kwenye ndoo, huchota punje kidogo, huzisuguanisha katikati ya viganja, na zikianza kukwaruza badala ya kuteleza, huita vijana waje kuosha. Mezani pangu nina punje kavu za kahawa ya maganda alizonipa nikamwambia, “Asante sana, meku,” yaani mzee kwa Kichaga, naye akanijibu nisiziweke tu ziozee kwenye bahasha bali niandike. Nimeziweka kwenye kisosi. Ninazisugua kila ninapotafuta neno, na leo zimenisaidia kupata aya moja ambayo mkulima ataisoma na kuelewa afanye nini akiwa hana saa mkononi.

Saa 1:00 asubuhi

Ninachemsha chai, ninamtayarisha mwanangu kwenda shule, ninafagia uwanja, ninarudi mezani.

Saa 2:00 asubuhi

Ninafungua barua pepe na daftari la mapendekezo. Daftari hili ni la kawaida, lenye safu nne nilizozichora kwa rula: tarehe niliyotuma pendekezo la makala, nililolituma kwa nani, alijibu nini, na lini nimkumbushe. Zamani lengo langu la kila robo mwaka lilikuwa “kupata wateja wapya”. Nimeacha kuandika hivyo, kwa sababu kupata mteja ni uamuzi wa mtu mwingine, nami siwezi kujipima kwa uamuzi usio wangu. Kutuma mapendekezo mawili kila wiki na kumkumbusha kila mhariri aliyekaa kimya wiki mbili ni jambo lililo mikononi mwangu, na mwisho wa wiki ninajua bila kujidanganya kama nimelifanya au sijalifanya. Kwa mwandishi anayeanza, hili ndilo ningemsihi alishike kuliko yote.

Leo ninatuma pendekezo moja kwa gazeti na kumkumbusha mhariri mmoja.

Lengo la pili lililoandikwa nyuma ya jalada la daftari ni la bei. Ninaliweka wazi hapa kwa kuwa watu wengi hudhani bei ya maandishi hutajwa kwa kubahatisha. Tuseme mwandishi anahitaji shilingi 900,000 kwa mwezi ili alipe pango, chakula, ada, bando, umeme na kodi, na abakize akiba kidogo. Ataona ana saa nyingi za kazi, lakini sehemu kubwa huliwa na kutafuta wateja, kuandika ankara, kudai na kusoma, na saa anazoweza kumtoza mtu pengine hazizidi 80. Maana yake kila saa yake ni shilingi 11,250. Akipewa kazi ya siku nzima kwa shilingi 20,000 huku akiambiwa kwamba “itakutangaza”, anajua anachopoteza, na anaweza kukataa kwa heshima bila kutetemeka.

Saa 4:00 asubuhi

Jirani anabisha hodi. Gari la mahindi yake linakuja, naye anakwenda mjini, hivyo anaomba nilisubiri na kuhesabu magunia, “kwa kuwa wewe si upo nyumbani tu.” Ninamjibu kwamba niko kazini hadi saa kumi, na kwamba ningefurahi kumsaidia baada ya hapo. Anaondoka amenuna kidogo. Ni mama ninayempenda na aliyenifaa mara nyingi, na ninajua jioni tutazungumza vizuri, lakini kila ninapokubali ombi la namna hii ninathibitisha kwa mikono yangu kwamba kazi yangu si kazi.

Ninarudi kwenye tafsiri ya kipeperushi cha unyonyeshaji inayotakiwa kesho.

Saa 5:00 asubuhi

Anapiga simu mkurugenzi wa kampuni moja ya utalii. Nimemwandikia maelezo ya njia za kupanda Mlima Kilimanjaro kwa ajili ya tovuti yake, na tulikubaliana kwa maandishi kwamba atakuwa na haki ya masahihisho mara mbili. Masahihisho hayo yalikwisha wiki iliyopita, na nusu ya pili ya malipo hajalipa.

“Dada, maandishi ni mazuri, ila hayana mvuto,” ananiambia. “Hapa kwenye njia ya Marangu weka kwamba kwa siku tano kila mgeni anafika kileleni. Tena weka mwanzoni kabisa.”

Ninamwuliza kwa upole kama kila mgeni wake hufika. Ananijibu kwamba wenzake wote wanaandika hivyo.

Lengo langu la tatu, ambalo halina tarakimu wala tarehe ya mwisho, linasema sitaandika sentensi nisiyoweza kuitetea. Kwa hiyo ninaanza kumweleza jambo analolijua vizuri kuliko mimi: kwamba mgeni wa siku tano hulala Mandara, iliyo mita 2,720, siku ya pili hulala Horombo, mita 3,720, siku ya tatu hufika Kibo, karibu mita 4,700, na usiku uleule huamshwa kupanda zaidi ya mita 1,100 hadi Uhuru, mita 5,895, kabla mwili wake haujazoea hewa nyepesi. Wapo wanaofika, na wapo wanaoshikwa na kichwa, kutapika na kuyumba, wakarudishwa chini. Kampuni makini huongeza siku moja ya kupumzika Horombo, mgeni akapanda kidogo kuelekea Mawenzi na kurudi kulala chini, ili mwili ujizoeze. Ninamwomba aniruhusu niiuze siku hiyo ya sita kwa uzuri wake badala ya kuificha.

Anasema nimwandikie niliyoelekezwa kwanza, halafu ataona. Ninasema nitamletea aya mbadala. Anakata simu. Baada ya dakika chache anatuma ujumbe wa sauti mrefu kuhusu ushindani wa biashara, kisha mwingine kuhusu rangi ya vichwa vya habari, ambayo hainihusu, kisha picha ya tovuti ya mshindani wake. Ninaanza kuandika aya hiyo. Umeme unakatika.

Chaji ya kompyuta mpakato yangu haitoshi hata nusu saa, kwa hiyo ninapanda daladala hadi mjini kwenye steshenari yenye jenereta, ninapewa kona karibu na mashine ya fotokopi, na hapo ndipo ninapokaa mchana wote. Wanafunzi wanakuja kudurufu mitihani, watu wanapiga chapa barua za maombi ya kazi, mtandao unasuasua. Ninaandika kwamba njia ya Marangu ndiyo pekee yenye vibanda vya kulala. Kwamba siku sita humpa mgeni nafasi ya kuuzoea mlima na kuuona. Kwamba mwongozaji ana mamlaka ya kumshusha mgeni wakati wowote kwa ajili ya usalama wake. Ninatuma. Anajibu kwamba sehemu ya kushushwa itawatisha watu. Ninaibadilisha kidogo, ninatuma tena. Anajibu kwamba sasa imekuwa ndefu. Ninafupisha. Njaa inauma, na mama lishe wa jirani ameniambia mtori umebaki bakuli moja, lakini kila nikitaka kunyanyuka simu inalia.

Sijui ilikuwa saa ngapi alipopiga tena akiwa amemweka karibu mwongozaji wake mkuu, nadhani ili anishawishi. Nilimsikia akimsomea aya yangu. Kisha yule mwongozaji akachukua simu, akanisalimu, akasema kwa sauti kubwa ili bosi wake asikie: “Mzee, huyu dada anasema kweli. Mgeni aliyeahidiwa kwamba lazima afike, nikimwambia huko juu ashuke, hanisikii. Ananiambia amelipia kilele.” Kukawa kimya. Mtu mwenye ugonjwa wa mwinuko dawa yake ya kwanza ni kuteremka, na huyu ndiye anayewashika watu mkono usiku wa manane kuwateremsha; maneno ninayoyapanga mimi kwenye kiti cha steshenari yeye huyabeba mgongoni. Nilijisikia fahari kubwa kuliko nilivyotazamia, na pia uchovu uliokuwa umejificha ukanishukia wote kwa pamoja.

Mkurugenzi akasema, “Basi iweke hivyo hivyo.”

Mtori ulikuwa umekwisha. Nilikula chapati mbili nikiwa nimesimama.

Jioni

Niliporudi umeme ulikuwa umerejea, na tafsiri ya kipeperushi ilikuwa imebaki kurasa mbili. Nilizimaliza polepole, nikisoma kila sentensi kwa sauti, kwa sababu mtu akichoka ndipo “mara mbili kwa siku” hugeuka “mara mbili” tu, na mama mwenye mtoto mchanga hana wa kumwuliza. Mwanangu alifanya hesabu zake upande wa pili wa meza. Jirani alikuja kunieleza kwamba magunia yalifika salama, akanipa ndizi mbivu, nami nikamwonyesha kwenye kompyuta makala yangu ya kahawa. Alisoma kurasa mbili, akauliza kama nimeandika kuhusu chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, kwa maana ndio uliommalizia marehemu babake mavuno yote. Nikaandika swali lake daftarini. Litakuwa sehemu ya makala ijayo, pamoja na miche ya Lyamungu inayostahimili ugonjwa huo.

Baada ya chakula nilifanya kazi ambayo sijawahi kuipenda, ya kudai. Ankara ya mkurugenzi niliituma upya ikionyesha nusu iliyobaki, masahihisho ya ziada kwa bei ya saa, na makato ya asilimia 5 ya kodi ya zuio, yaani kodi ambayo mlipaji huikata na kuipeleka serikalini, ambayo anatakiwa kunipa hati yake. Chini yake niliandika masharti ya kazi yoyote itakayofuata: nusu ya malipo kabla sijaanza, masahihisho mawili, maelekezo kwa maandishi, na mwongozaji wake mkuu awe mtu wa kwanza kusoma rasimu.

Kwenye safu za daftari niliweka alama: uandishi wangu wa alfajiri, ndiyo, pendekezo, ndiyo, kumkumbusha mhariri, ndiyo, matembezi ya jioni niliyojiahidi kwa ajili ya mgongo, hapana.

Jibu la mkurugenzi liliingia nikiwa ninafunga kompyuta. Alikuwa ametuma malipo yote kwa simu, na ameomba maelezo ya njia ya Machame kwa masharti hayo mapya, akiongeza kwamba mwongozaji wake ana nafasi Alhamisi saa nne nikitaka kuja ofisini kumhoji. Nilimjibu kwamba nitafika.