Leo plastiki imejikunja yenyewe

Saa sita usiku hii, mikono inanuka akriliki na usingizi hauji, acha niandike.

Kuna ofisi moja kule Mtumba, Dodoma, walitaka vibao 24 vya majina vya kuweka mezani, akriliki angavu (ile plastiki ngumu kama kioo) ya milimita 3, vile vinavyokunjwa kwa chini vikasimama vyenyewe. Kukata na kuandika sina shida, mashine ya leza ninayo. Kukunja ndo kazi, maana hita yangu ya waya, ile unalaza plastiki juu ya waya wa moto mpaka mstari ulainike, waya umekatika na mwingine wa kuagiza Dar ungefika siku ya kukabidhi ishapita. Jirani akasema si utumie jiko la mkaa. Nilishajaribu mwaka jana, nikatoa kitu kama ulimi wa ng'ombe.

Nikakumbuka kuna watafiti wa Potsdam, Ujerumani, mwaka 2013 walionyesha kwamba leza ile ile inayokata inaweza pia kukunja. Unashusha meza ya mashine, mwale ukifika kwenye plastiki unakuta umeshatawanyika, badala ya ncha ya sindano unapata doa pana, kwahiyo haukati tena, unapasha tu. Upande mmoja unauacha uning'inie hewani, mstari ukilainika ule upande unashuka kwa uzito wake. Basi, hakuna anayeushika.

Kusema rahisi jamani. Nimeanza saa tatu asubuhi, kufika saa saba nimeshaua vipande tisa. Cha kwanza meza nilishusha kidogo mno, ikachimba mfereji kikakatika. Nikashusha zaidi nikaongeza pawa, yakaja mapovu meupe kama soda iliyogandia ndani. Cha nne kikawaka moto kabisa, nikakizima na kitambaa kibichi, na kuanzia hapo sikubanduka mbele ya mashine hata mkojo ulivyonibana.

Kosa langu nilikuwa nafikiri joto ni joto. Mwale wa hizi leza za kaboni dayoksaidi hauzami ndani ya akriliki, unaishia juu juu kwenye ngozi, na akriliki yenyewe ni mvivu wa kupitisha joto, kwahiyo unakuta juu kunachemka huku chini bado kukavu kama ubao. Inaanza kulegea kwenye nyuzi 105 hivi, ila ikunjike vizuri inataka 150 na kitu, na iwe hivyo unene wote sio juu tu. Kwahiyo pawa ndogo, doa pana, upite mstari ule ule mara nyingi, katikati usubiri joto lizame mpaka upande wa chini. Na ule upepo wa kupuliza kwenye lenzi nilikuwa nimeuachia wote, yani napasha huku napooza! (Na kama plastiki huijui usiiweke kwenye leza. PVC ikipigwa inatoa gesi yenye tindikali, inakula mapafu yako na vyuma vya mashine.)

Saa kumi baba akapita, "Mbukwa!" yake, ile salamu ya Kigogo, inasikika kabla hajatokea mlangoni. Mzee wangu ni fundi bati, miaka mingi amegonga makarai na koroboi pale Majengo juu ya kipande cha reli. Nikamwamkia, akavuta ndoo akakaa.

"Nyundo iko wapi?"

"Hakuna nyundo baba, ni joto tu."

"Na anayekunja nani?"

"Inajikunja."

Akaniangalia kama vile namzungusha. Leza ikapita mara ya kumi, ya kumi na moja, hamna kitu, nikaanza kuona aibu, halafu ile ncha ikaanza kuinama pole pole kama mtu anayesinzia kanisani. Baba akasimama. Nikanyoosha mkono niitoe akanishika, "Acha ipoe, utaipotosha."

Halafu akauliza swali ambalo mi sikuwa nimejiuliza kutwa nzima, ikianguka inajuaje pa kuishia? Ukweli ilikuwa haijui, kila kibao kilikuwa na pembe yake. Bati, akasema, ukilikunja linarudi kidogo kwahiyo unalipitiliza, hii hairudi basi iwekee kizuizi. Akaokota kipande cha mbao akakichonga mshazari kwa jicho tu, hajagusa rula, tukakiweka chini ya ile sehemu inayoning'inia. Kuanzia hapo vyote vikatoka ndugu wa tumbo moja.

Cha kumi na saba umeme ukakatika kikiwa nusu njia, kikagandia hapo hapo kimeinama kidogo tu. Umeme uliporudi ningeweza kukipasha upya kikaendelea, akriliki haina kinyongo, ila mzee alikuwa ameshakitia mfukoni, nikakata kingine. Vimeisha saa nne usiku. Nimevifuta kwa maji na sabuni, spiriti nilishakoma, kingo zilizokatwa na leza zikiguswa nayo zinajaa vinyufa.

Nimempigia baba kumwambia kazi imeisha. Anasema kile kilichoinama nusu kinafaa sana kuegeshea simu akiwa anasikiliza taarifa ya habari, ila kinateleza, kesho nimkatie na kidole cha kuzuia.