Siku Mbingu Yangu Ilipogeuka Kijani

Picha za maonyesho yangu ya kwanza ya peke yangu zilifika ukumbini zikiwa zimefungwa kwa mablanketi makuukuu, na mpaka alasiri hiyo sikuwahi kuziona zote katika chumba kimoja. Nyumbani nilizichora mojamoja kando ya dirisha, na iliyokwisha nikaigeuzia ukutani isije ikanivuruga. Zote zilikuwa mbingu. Hapakuwa na nyumba, mti wala mtu, ni mbingu tu, nyingine kubwa kuliko mlango.

Saba kati yake zilitokana na Attar, mshairi wa Nishapur, Uajemi, wa karne ya 12, aliyesimulia habari za ndege wanaoongozwa na hudihudi kwenda kumtafuta mfalme wao, Simurgh. Wanavuka mabonde saba: kutafuta, mapenzi, maarifa, kutohitaji chochote, umoja, mshangao, na la mwisho ufukara na fanaa, yaani nafsi kutoweka. Wanaofika ni thelathini tu, nao wanakuta kwamba Simurgh waliyemtafuta ni wao wenyewe. Rafiki yangu mmoja alinishauri nitundike kioo mwisho wa ukuta ili mtazamaji ajione. Nilikataa. Kioo kinamaliza mambo kwa kupepesa jicho, ilhali Attar anawachosha ndege wake kwa maelfu ya beti kabla hajawaonyesha lolote. Bonde la saba nililichora bila ndege hata mmoja, tabaka juu ya tabaka la rangi ya mafuta iliyozimuliwa sana, kila tabaka likingoja la chini yake likauke.

Nyingine zilitoka kwa Rumi na Hafez, washairi wengine wawili wa Kiajemi. Rumi, aliyefariki Konya mwaka 1273, ana beti isemayo kwamba mbingu zinazunguka kwa wimbi la mapenzi, na kama si mapenzi dunia ingeganda. Beti hiyo ndiyo iliyonifanya niache kuchora anga tulivu. Watu wengi wanaokuja kwa jina la Rumi wanataka kupumzishwa. Wamezoea vile vimaneno vitamu vinavyozungushwa kwenye simu, ambavyo vingi hakuviandika yeye. Rumi ninayemjua mimi hana utulivu. Mbingu yake inahangaika kama mtu aliyepoteza mwana sokoni, na mimi nilitaka mtazamaji aondoke na kizunguzungu kidogo.

Basi tukatundika. Kwenye kazi hiyo sina mzaha: katikati ya kila picha iwe usawa wa jicho, karibu sentimita 150 kutoka sakafuni, na uzi upimwe kwa pima maji. Jua lilipozama msimamizi wa ukumbi akawasha taa, nami nikahisi miguu imeniisha nguvu.

Zilikuwa taa za manjano, zile za kelvini 2700 (kipimo cha rangi ya mwanga) zinazopendeza mkahawani. Mwanga wa aina hiyo una buluu haba, na rangi haiwezi kurudisha machoni kile ambacho haikupewa. Ultramarini yangu, ile buluu iliyokolea, ilififia ikawa kama wino uliomwagikiwa na chai. Zamani rangi hiyo ilisagwa kutoka mawe ya lazuli yaliyochimbwa Badakhshan, Afghanistan ya leo; tangu miaka ya 1820 inatengenezwa kiwandani, ndiyo maana hata mchoraji asiye na kitu kama mimi anaweza kuijaza kwenye kanvasi nzima. Usiku ule ya kiwandani na ya Badakhshan zote zingekuwa sawa tu. Picha moja ilikuwa na kituko chake. Niliipaka kwanza udongo wa manjano, kisha juu yake buluu ya Prussia nyembamba ili upeo wa chini uwe mweupe-mweupe, kama anga lenyewe linavyopauka pale mwanga unapopita kwenye hewa nyingi zaidi. Chini ya taa zile manjano ya chini ilipanda juu. Picha ikawa kijani, na si kijani cha kubahatisha. Ilikuwa kijani cha mpunga mchanga.

"Kaka, tubadilishe balbu," nikamwambia msimamizi.

"Hizi ndizo za ukumbi," akajibu. "Maonyesho yote yanatumia hizi. Na uzinduzi ni kesho."

Tulibishana, kwa adabu kwanza, kisha kwa adabu iliyopungua. Hakukubali. Niliondoa picha mbili ambazo ultramarini ilikuwa imekufa kabisa, nikazisogeza nyingine karibu na madirisha ili angalau mchana zipate haki yake. Ile ya kijani nilikuwa nimeshaishika fremu niishushe, ndipo Hafez aliponijia. Kuna ghazali yake inayoanza kwa yeye kuliona shamba la kijani la mbingu na mundu wa mwezi mwandamo, akakumbuka alichokipanda mwenyewe na kwamba wakati wa kuvuna umewadia. Beti hiyo niliijua kwa miaka. Sikuwahi kuthubutu kuichora, kwa sababu nani atakuelewa ukimletea mbingu ya kijani? Sasa taa ya mkahawa ilikuwa imeichora. Nikaifuta lebo ya zamani, nikaandika "Kwa Hafez", na picha ikapewa ukuta wake peke yake. Mundu sikuuongeza. Nilishawishika, lakini rangi ilikuwa imekauka nami nilikuwa na njaa.

Usiku wa uzinduzi watu walilipita bonde la saba kama wanapita korido. Inaniuma mpaka leo. Ndiyo picha iliyonila zaidi. Waliporundikana ni kwenye ile ya kijani. Mama mmoja wa makamo alisogea hadi pua ikakaribia kugusa kanvasi, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Mwanangu, hii ni mbingu au ni shamba?"

"Ni vyote viwili, mama. Mshairi mmoja aliona hivyo."

"Huyo alikuwa anadaiwa," akasema, akacheka. "Anayedaiwa ndiye akitazama juu anaona mavuno."

Sijasoma mfafanuzi wa Hafez aliyenipa kitu kizuri kuliko hicho. Akainunua palepale, bila kuomba punguzo.

Baada ya maonyesho kufungwa akanipigia simu. Sauti haikuwa ya kucheka.

"Umenibadilishia picha. Niliyonunua ilikuwa kijani. Hii ni buluu."

Nikamweleza habari ya taa, ya udongo wa manjano ulioko chini, ya dirisha. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akataka kujua hiyo balbu inauzwa wapi na kama bei yake niliihesabu ndani ya bei ya picha. Nikamwambia hapana. Akasema basi nimletee mimi, na nije nayo jioni ili tuhakikishe wote wawili.