Siku Moja Maishani Mwangu: Betri ya Pili Katika Lori la Lubumbashi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilifungua gereji, hapa Mbezi kando ya Barabara ya Morogoro, nikakuta kichwa cha lori kimekwisha kuegeshwa na dereva wake ameketi kwenye ngazi ya kebini. Nilimwamkia kwa shikamoo, kwa kuwa ni mtu mzima aliyeanza kuendesha malori kabla sijashika spana, naye akaitikia kisha akanieleza kilichomleta. Safari iliyopita, akiwa kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, friji na feni vilimaliza betri usiku, na foleni ilipoanza kusogea alfajiri stata, yaani mota ya kuwashia injini, haikuzunguka. Ilimbidi aombe umeme wa lori jingine huku waliokuwa nyuma yake wakimpita. Sasa alitaka friji na feni vipate betri yao peke yake.

Kabla ya kufunga kitu kipya mimi hupima kilichopo. Lori lile lina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano ili kupata volti 24. Kufikia saa moja nilikuwa nimeona tatizo: betri moja ilisoma volti 12.7 na mwenzake 12.1. Fundi mmoja wa huko nyuma aliunganisha waya wa redio na chaja za simu kwenye betri moja peke yake, kwa sababu vifaa vile vinahitaji volti 12. Jambo hili nimeliona kwenye malori mengi na linaniuma, kwa kuwa huua betri zote mbili kwa pamoja. Alteneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini, hutoa takriban volti 28 kwa jozi nzima bila kujua kwamba mmoja amechoka na mwingine ameshiba. Yule anayenyonywa umeme kila siku hajai kamwe, na yule aliyejaa huzidishiwa chaji hadi maji yake yanachemka na kukauka. Niling'oa waya ule na kufunga kipunguza volti kinachochukua umeme kutoka betri zote mbili sawasawa. Betri zenyewe nilizichaji moja moja, na kazi hiyo ilichukua asubuhi yote huku tukiendelea na mengine.

Saa tatu tulikaa na dereva kufanya hesabu. Friji yake hutumia wati 45 kompresa inapofanya kazi, na kwa kuwa hufanya kazi karibu nusu ya muda, kwa siku nzima ni kama wati-saa 540 (wati mara saa). Feni ya wati 20 kwa saa kumi ni 200, na taa pamoja na simu tulizikadiria 100. Jumla ni 840. Tajiri wake alikuwa amenunua betri ya lithiamu ya volti 25.6 na ampea-saa 100, yaani wati-saa 2,560, na nikishauri atumie asilimia 80 tu, inamtosha kwa siku mbili na zaidi bila kuwasha injini. Dereva akauliza, "Fundi, na kiyoyozi je?" Nilimjibu kwamba kiyoyozi cha wati 800 kingeimaliza kwa saa tatu hivi, na kwamba nisingekifunga mpaka aongezewe betri. Hakufurahi, lakini alielewa.

Kuanzia saa nne hadi saa nane ilikuwa kazi ya waya. Betri ya lithiamu tuliiweka chini ya kitanda cha kebini, mbali na joto la injini na vumbi la barabarani, tukaifunga kwa mikanda ya chuma ili isicheze kwenye matuta. Betri ya kawaida ya asidi nisingeiweka hapo, kwa sababu inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka mahali mtu anapolala. Kutoka betri za mbele, zile mbili za kuwashia injini, hadi chini ya kitanda ni mita 5, kwenda na kurudi 10. Kijana wangu alikuwa ameshika waya wa milimita 6 za mraba, nikamwambia apige hesabu kwanza. Kwa ampea 30, waya ule ungepoteza karibu volti 0.9 njiani, ilhali wa milimita 16 hupoteza takriban 0.3. Akaurudisha mwenyewe bila kuambiwa. Fyuzi ya ampea 60 tuliiweka karibu kabisa na ncha chanya ya betri za mbele, na nyingine upande wa lithiamu, kwa maana waya ukichubuka kwenye chasisi katikati ya njia, pande zote mbili zina umeme wa kuuwasha moto.

Saa tisa nilifunga chaja inayosimama kati ya betri za mbele na ile ya lithiamu. Lithiamu huvuta umeme kwa pupa, na ikiunganishwa moja kwa moja inaweza kuunguza alteneta, hasa injini inapozunguka polepole na upepo wa kuipoza ni mdogo. Chaja hii haipitishi zaidi ya ampea 30, na hukata yenyewe injini inapozimwa. Kwa kiwango hicho betri iliyokwisha kabisa hujaa kwa saa tatu na nusu hivi, yaani kabla lori halijafika Morogoro. Na foleni ikizidi siku zile mbili, saa moja ya injini humpa karibu umeme wa siku nzima. Awali, ili betri zisiishe, kuna nyakati aliiacha injini ikinguruma usiku kucha, ikila lita 2 hadi 3 za dizeli kila saa.

Saa kumi na moja jioni tuliwasha injini, chaja ikaanza kazi, nami nikapitisha mkono kwenye kila kiungo kutafuta joto. Lagi moja, kile kichwa cha chuma kinachobanwa kwenye ncha ya waya, ilikuwa ya moto kuliko wenzake. Tuliikata na kuibana upya, ingawa dereva alikuwa anaharakia kwenda kuunganisha trela.

Aliporudi saa mbili usiku alizima injini, akawasha friji na feni, akaniita nipime. Betri za stata zilisoma 25.4, na baada ya saa nzima zilisoma 25.4 vilevile.